Mshika Amani na Mazingira, Je, Moja Litamponyoka?

SWALI: Shikamoo, Mhariri. Nina shahada ya kwanza ya misitu, na nia yangu ni kufanya kazi ya kimataifa ya kujenga amani na kutetea mazingira. Wazazi wananionya kwamba mshika mawili moja humponyoka. Nichague lipi, na je, ni lazima nikasome Ulaya?
Msomaji, Kilosa

JIBU: Marahaba, mwanangu. Methali ya wazazi wako ni ya kweli, ila haya unayoyashika si mawili. Hapo Kilosa wakulima na wafugaji wamegombania maji na malisho kwa miaka mingi, hata watu wakapoteza maisha. Huwezi kuwapatanisha bila kujua mto unakauka mwezi gani na ng'ombe hupitia wapi wakati huo, wala hutauhifadhi mto huo ikiwa upande mmoja haukuamini.

Marehemu Profesa Wangari Maathai wa Kenya alikuwa mwanabiolojia. Mwaka 1977, baada ya kuwasikiliza wanawake wa vijijini waliokosa kuni na maji safi, alianzisha harakati ya kupanda miti iliyowalipa wanawake hao fedha kidogo kwa kila mche uliopona. Naomba uzingatie hapo: malipo yalikuwa kwa mche uliopona, si uliopandwa tu. Alipopewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004, wapo waliouliza miti inahusianaje na amani. Katika hotuba yake mjini Oslo aliwakumbuka wazee wa Kikuyu waliobeba fimbo ya mti wa thigi, ambayo ikiwekwa kati ya wagomvi, mapigano hukoma na suluhu ikatafutwa.

Ulaya si lazima. Makao makuu ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa yako Gigiri, Nairobi, na Chuo Kikuu cha Amani, kilichoanzishwa kwa azimio la Umoja wa Mataifa mwaka 1980, kiko Costa Rica. Jifunze Kifaransa pia, maana bila hicho utapata shida kufanya kazi hii Burundi au Kongo.

Hata hivyo, ningekuwa wewe, kabla ya kuomba nafasi yoyote ningekwenda kwa mtendaji wa kijiji kuomba ruhusa ya kuhudhuria vikao vya baraza la ardhi, ambalo kisheria kazi yake ni kusuluhisha. Kaa nyuma na daftari lako, uandike nani alilalamika, kuhusu kisima au mpaka upi, na walikubaliana nini. Kisha baada ya masika urudi kuona kama makubaliano yale bado yanaheshimiwa.