Alinifungulia Mlango Mwenyewe, Sasa Anadai Talaka

"Shikamoo Shangazi. Nina miaka 34, nilifunga ndoa kanisani miaka tisa iliyopita, na tuna watoto wawili, wa miaka minane na minne. Mume wangu alirudi kutoka masomoni Ujerumani akiwa na wazo kwamba wanandoa wanaoaminiana wanaweza kupenda na wengine bila kufichana. Aliniandikia hata ujumbe wa simu kwamba 'kila mmoja yuko huru'. Nililia, kisha nikakubali kwa kuogopa kuachwa. Ana mwanamke Dodoma na humtembelea kila mwisho wa mwezi. Mwaka huu na mimi nikapata mtu, nikamweleza mume wangu siku ileile kama tulivyoahidiana. Tangu hapo amehamia chumba cha wageni, anasema atadai talaka kwa ugoni wangu, na kwamba nyumba ni yake kwa sababu hati ina jina lake. Huyo rafiki yangu nilimpa milioni mbili za akiba yetu aanzishe biashara. Je, mume wangu anaweza kufanya hayo? – Mama Wawili, Morogoro."

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara jicho langu liliishia kwenye yale maneno "kwa kuogopa kuachwa". Wenye kuishi maisha hayo, ambayo huko yalikoanzia huitwa poliamori, husisitiza kwamba msingi wake ni ridhaa ya kila mmoja, kwamba masharti hujadiliwa kabla ya mtu wa tatu kuingia, na kwamba yeyote anaweza kusema basi bila kuadhibiwa. Mumeo alikupa sharti, wewe ukalipokea kama hukumu. Siku ulipoitumia ruhusa ileile aliyoitumia yeye, ikageuka ugoni. Alichotaka tangu mwanzo kilikuwa nyumba ndogo isiyo na kelele.

Anakuambia kwamba huko alikosoma mambo haya ni ya kawaida. Mwambie kwamba Ujerumani hiyohiyo, mtu akifunga ndoa ya pili ilhali ya kwanza ingali hai anatenda kosa la jinai. Mji wa Somerville, katika jimbo la Massachusetts nchini Marekani, ulikubali mwaka 2020 kuandikisha wenzi zaidi ya wawili, lakini hata hapo kinachoandikishwa ni uenzi wa nyumbani tu, yaani uhusiano unaotambuliwa na mji, si ndoa. Wala hili lisichanganywe na mitala yetu, ambayo mke mwenza ana zamu yake, ana matunzo yake, na hadhi yake inajulikana kwa wakwe na mbele ya sheria. Yule dada wa Dodoma hana lolote kati ya hayo, na kwa upande huo namhurumia. Ndoa yenu ya kanisani ni ya mke mmoja, na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu igeuzwe kuwa ya mitala maadamu nyote wawili mnaendelea kuwa Wakristo.

Sasa swali lako. Kwa kifungu cha 107 cha sheria hiyo, ugoni peke yake hauvunji ndoa. Ni ushahidi mmojawapo ambao mahakama huupima ili kujiridhisha kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika, na uzito wake huongezeka pale mkosaji anapoendelea licha ya mwenzake kupinga. Mumeo alipinga lini, ikiwa yeye ndiye aliyependekeza? Hata akitaka kumdai fidia huyo rafiki yako, dai la mtu aliyeridhia ugoni wa mwenzi wake hutupwa. Kwa hiyo ule ujumbe wa simu alioandika kwamba "kila mmoja yuko huru" usiufute, hata kama unakuchoma kila unapousoma. Lakini usijidanganye kwamba ujumbe huo unakusafisha, kwa kuwa jaji hatatafuta nani alianza, bali ataangalia kama kuna ndoa iliyobaki, na watu wanaolala vyumba viwili huku kila mmoja ana mtu wake nje wanampa jibu rahisi.

Kuhusu nyumba, jina kwenye hati halimalizi mambo. Maadamu ndoa ipo, hawezi kuiuza wala kuiweka rehani nyumba mnayoishi bila ridhaa yako, nawe unaweza kuweka zuio kwa msajili wa hati. Fanya hivyo wiki hii. Talaka ikitolewa, mahakama hugawa mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja, na tangu shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu la mwaka 1983, Mahakama ya Rufani inakubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango. Wengi hulitaja shauri hilo kwa furaha na kuacha mwisho wake: Bi Hawa mwenyewe hakupata kitu, kwa sababu mahakama iliona kwamba fedha alizopewa na mumewe kuendeleza familia alikuwa amezitapanya. Ndiyo maana zile milioni mbili zinanitia hofu kuliko huyo rafiki mwenyewe. Zidai, kwa maandishi, na zirudi kwenye akaunti zilikotoka.

Mtoto wako wa miaka minne sheria inadhani ni vyema akae na mama, ingawa dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi. Yule wa miaka minane ataangaliwa kwa masilahi yake tu. Wote wawili wasisikie neno "ugoni" sebuleni kwenu.

Kabla ya mahakama, kwa kawaida mtapita Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, ambalo hutoa hati endapo usuluhishi umeshindikana. Najua unaona aibu kuyasema haya mbele ya wazee wa kanisa. Afisa ustawi wa jamii atakuelekeza kwenye baraza ambalo wajumbe wake hawakujui. Nenda hata kama unataka kuondoka, maana pale, kwa mara ya kwanza, utaulizwa unataka nini bila mumeo kukujibia. Nendeni pia mkapime afya, nyote wawili, kila mmoja na cheti chake mkononi.

Uniandikie baada ya kikao cha kwanza, na barua hiyo itume kutoka simu ambayo mumeo haijui nywila yake.