Matete, mafunjo au gugumaji?

Swali: Katika makala yangu kuhusu Ziwa Jipe, mmea wenye suke la kahawia uliotanda kandokando ya ziwa nimeuita "mafunjo." Mwenzangu mmoja amesahihisha kuwa "matete," na mwingine anasisitiza kuwa ni "gugumaji." Yupi yuko sahihi? Tena, niandike "matete hii" au "matete haya"?

Jibu: Mmea unaoueleza ni Typha domingensis, na kati ya majina hayo matatu ni "matete" pekee linaloweza kutetewa, tena kwa sharti.

Mafunjo ni mmea mwingine kabisa. Bua la funjo lina pande tatu, halina majani marefu ya kuonekana, na kileleni hubeba nyuzinyuzi zilizotawanyika mfano wa mwavuli. Mmea wako una majani marefu yaliyo bapa kama ukanda, yanayochipuka moja kwa moja kutoka chini, na suke la jike, lile la kahawia unalolitaja, limetenganishwa na suke la dume lililo juu yake kwa kipande kidogo cha bua tupu. Aliyeitazama mimea yote miwili hawezi kuichanganya, na mwandishi wa mazingira anapaswa kuwa ameitazama.

Kwa maana yake finyu, "matete" ni nyasi ndefu zenye bua la pingili, ambazo watu hujengea uzio. Typha hauna pingili. Hata hivyo, wasemaji wengi hulitumia neno hilo kwa upana, wakijumuisha mimea mirefu isimamayo majini, na sioni sababu ya kuwakataza. Sharti langu ni kwamba, unapoutaja mmea kwa mara ya kwanza, uandike jina la kitaalamu pamoja na maelezo mafupi, kwa mfano: "matete yenye suke la kahawia, Typha domingensis, ambayo ni mimea ya kudumu inayostawi katika maji baridi na hata katika maji yenye chumvi kiasi." Baada ya hapo, "matete" yatatosha.

"Gugumaji" ndilo ninalolipinga kwa nguvu zaidi. Jina hilo limekwisha kuzoeleka kwa mmea unaoelea uliotoka Amerika ya Kusini na kuvamia Ziwa Viktoria, ilhali Typha umejishikiza kwenye tope kwa mashina yanayotambaa chini ya ardhi, na ni mwenyeji wa Afrika. Zaidi ya hayo, kuuita mmea gugu ni kuuhukumu. Ukitaka kusema kwamba umezidi na kuwazuia wavuvi kupita, liseme hilo waziwazi kwa sentensi yake, usilifiche ndani ya jina.

Kuhusu upatanisho, tete na matete yamo katika ngeli ya LI-YA, kwa hiyo "matete hii" ni kosa. Andika "tete hili limevunjika," "matete haya yamekatwa, lakini yatachipua tena." Jina la kitaalamu likisimama peke yake, fuata neno "mmea" linaloeleweka hapo: "Typha domingensis umeenea." Herufi kubwa huanza jina la kwanza tu, "Typha Domingensis" si sahihi.