Kwa anayeanza kazi na fuwele za kalisaiti maabarani

Wengi wanaoingia maabara ya optiki kwa mara ya kwanza huamini kwamba fuwele ya kalisaiti hupolarisha mwanga, yaani huufanya utetemе katika mwelekeo mmoja tu, kwa kuuchuja, kama ifanyavyo miwani ya polaroidi. Dhana hiyo iache mapema. Kalisaiti safi karibu hainyonyi mwanga unaoonekana. Inaugawa kuwa miale miwili, kila mmoja ukitetema katika mwelekeo mmoja tu, na mielekeo hiyo hukatana kwa nyuzi 90. Shughuli iliyobaki, nayo ndiyo ngumu, ni kuuondoa mwale usiouhitaji.

Kabla hujapewa kifaa cha gharama, weka kipande cha kalisaiti juu ya nukta iliyochorwa karatasini. Utaona nukta mbili, jambo ambalo Erasmus Bartholin wa Denmark alilieleza mwaka 1669. Ukikizungusha kipande hicho, nukta moja itatulia, nayo nyingine itaizunguka. Kisha tazama kupitia polaroidi huku ukiigeuza, nawe utaona nukta zikipokezana kutoweka. Nasisitiza zoezi hili kwa sababu hesabu peke yake haimfundishi mtu kuitambua miale hiyo mezani.

Kwa mwanga wa manjano wa sodiamu, fahirisi ya mpindo (kipimo cha jinsi fuwele inavyoupinda mwanga) ya mwale wa kawaida, yaani ule wa nukta iliyotulia, ni 1.658 popote uelekeapo, ilhali ya mwenzake hubadilika hadi kufikia 1.486, kutegemea pembe kati ya njia ya mwanga na mhimili wa optiki, ambao ni mwelekeo maalumu ndani ya fuwele. Mwanga ukipita sambamba na mhimili huo haugawanyiki, kwa hiyo usiharakishe kusema fuwele ni mbovu. Hata katika kipande cha asili chenye unene wa milimita 10, miale hutengana kwa takriban milimita 1 tu; ukipitisha mwanga mpana, miale hiyo itapishana na hutapata upolarishaji wowote wa maana katikati.

Mwanasayansi wa Uskoti William Nicol alilitatua tatizo hilo mwaka 1828 kwa kukata fuwele kimshazari na kuigandisha tena kwa utomvu wenye fahirisi ya takriban 1.55. Mwale wa kawaida, ukifika kwenye utomvu kwa pembe iliyozidi pembe kizingiti, huakisiwa wote pembeni, nao mwingine hupita. Penye leza kali tumia miche (prizimu) yenye pengo la hewa badala ya utomvu, kwani gundi huungua.

Usiifute fuwele kwa kitambaa kikavu: ugumu wake ni 3 katika kipimo cha Mohs, na vumbi la kawaida huwa na chembe za madini ya kwazi (quartz) zenye ugumu wa 7. Lipulize kwanza.