Utafiti wa wauguzi wodini uanzie wapi?

SWALI: Mimi ni muuguzi kiongozi wa wodi ya upasuaji katika hospitali ya mkoa. Wauguzi wangu wawili wamerudi kutoka masomo ya shahada na wanataka kuchunguza kwa nini wagonjwa wasioweza kujigeuza hupata vidonda vya mgandamizo, lakini wameambiwa kuwa utafiti ni kazi ya madaktari na vyuo vikuu. Nifanye nini ili usomi wao usiishie kwenye vyeti?
Msomaji, Dodoma

JIBU: Anza na ratiba ya zamu, kwa kuwa hiyo imo mikononi mwako. Muuguzi anayehudumia wodi iliyojaa hapati nafasi ya kusoma makala wala kupitia mafaili, hata awe na hamu kiasi gani, na kumtaka afanye hivyo akitoka zamu ya usiku ni kumwonea. Watengee saa chache kila wiki, ziandikwe kwenye ratiba kama zamu nyingine, na zisichukuliwe kila mwenzao anapoomba ruhusa.

Swali lenyewe litoke kitandani. Ikiwa utaratibu wenu ni kumgeuza mgonjwa kila baada ya saa mbili, fomu inaonyesha nini kati ya saa sita usiku na alfajiri? Ukikuta nafasi zote zimejazwa kwa kalamu moja na mwandiko mmoja, umepata jambo la kuchunguza. Hapo usimwandikie mtu barua ya kujieleza, kwani fomu zitaanza kujazwa vizuri zaidi na vidonda vitabaki palepale.

Makala za kusoma zinapatikana kupitia Hinari, mpango wa Shirika la Afya Duniani ulioanza mwaka 2002, ambao huzipa taasisi za Tanzania majarida ya afya bila malipo. Inayosajiliwa ni taasisi, si mtu binafsi. Kwa hiyo mwulize mganga mfawidhi kama hospitali ina nywila, isije ikawa imelala kwenye droo ya mtu.

Wanaosema utafiti si wa wauguzi waelezwe kuwa mwaka 1983 American Academy of Nursing, taasisi ya wauguzi wenyewe nchini Marekani, ilichapisha uchunguzi wa hospitali 41 za Marekani zilizovutia na kubakiza wauguzi wakati wa uhaba. Miongoni mwa sifa za hospitali hizo ni uongozi uliowashirikisha wauguzi katika maamuzi ya huduma.

Mkitaka kuchapisha matokeo yenu kama utafiti, ombeni kibali cha kamati ya maadili kabla ya kukusanya takwimu, si baada.