Lebo imekataa albamu yetu, tuimwage bure mtandaoni kama Wilco?

SWALI: Shikamoo wakili. Tuna bendi ya watu wanne hapa Minneapolis, tunapiga rock, nyimbo zingine Kiswahili zingine Kiingereza. Lebo moja ndogo ilitulipia studio, tukarekodi albamu nzima, tulipowapelekea wakasema haiuziki na toka hapo hawajibu hata meseji. Mshkaji wetu anasema tufanye walichofanya Wilco 2001, tuiweke bure mtandaoni watu waipende, lebo itaona aibu itaturudishia masta zetu, yani rekodi zenyewe. Nyimbo tumetunga wenyewe na tumeimba wenyewe so naona ni mali yetu. Mkataba una sehemu imeandika kwamba ni kazi tuliyofanya kwa kuajiriwa ila prodyuza alituambia hiyo ni lugha ya kawaida tu. Tunataka kupakia Ijumaa. Tuna kesi hapo?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Ijumaa msipakie kitu. Nimeanza na hilo kwa sababu najua ukishaona jibu refu utasoma nusu.

Hii stori ya Wilco, bendi ya rock ya Chicago, naletewa kila wakati, na kila anayeileta anaisimulia vilevile: lebo ikakataa albamu, jamaa wakaimwaga bure, dunia ikawapenda, lebo ikaumbuka, mwisho. Imeshageuka hadithi ya sungura na fisi. Tatizo ni kwamba katikati pamekatwa kipande, na kipande chenyewe ndo kilichowaokoa.

Twende taratibu. Albamu ni Yankee Hotel Foxtrot, waliirekodi Chicago kwenye sehemu yao wenyewe wanayoiita The Loft, mwishoni wakamleta Jim O'Rourke kuichanganya. Lebo yao ilikuwa Reprise, iliyo chini ya kampuni kubwa ya Warner. AOL, kampuni ya intaneti, na Time Warner, wenye Warner, walikuwa wameungana mwanzoni mwa 2001, kwa hiyo huko ndani watu wanapunguzwa, bajeti zinakatwa, na Howie Klein, bosi wa Reprise aliyekuwa akiwabeba Wilco, akawa ndo anaondoka. Waliobaki wakaisikiliza albamu hawakuona wimbo wa redio humo. Wakaikataa.

Sasa hapa ndo wasimuliaji wote wanaruka. Wilco hawakukimbilia kompyuta. Meneja wao, Tony Margherita, aliyekuwa nao tangu enzi za bendi ya kabla ya hiyo, alikaa na lebo, wanasheria wakakaa, wakatafuta njia ya kuachana, na kwenye makubaliano ya kuachana bendi ikatoka na masta zake. Kwa maandishi. Albamu ilikuwa imepangwa kutoka tarehe 11 Septemba 2001, siku hiyo kama unavojua Marekani ilikuwa na msiba mwingine kabisa, na albamu haikuwa na lebo tena. Nyimbo zilikuwa zishaanza kuvuja kwenye mitandao ya watu kupeana mafaili. Ndipo tarehe 18 wakaiweka kwenye tovuti yao wenyewe, na hata hapo waliiweka ya kusikiliza palepale, hawakusema njooni mpakue mwende nayo. Yani mpaka wanabonyeza hicho kitufe, tayari walikuwa wenye mali. Karatasi ilitangulia, intaneti ikafuata. Nyie mnataka kubonyeza kwanza halafu karatasi mtaitafuta baadaye.

Halafu hiyo habari ya lebo kuumbuka, ni kweli inachekesha: aliyekuja kuinunua albamu ni Nonesuch, ambayo nayo ni ya Warner haohao, ikatoka Aprili 2002, ikafika namba 13 kwenye chati ya Billboard, wiki ya kwanza tu iliuza nakala zaidi ya 55,000, na baadaye ikavuka nusu milioni. Kampuni moja imeilipia albamu moja mara mbili. Lakini angalia nani walikuwa wanafanya mazungumzo hayo. Hawa wana albamu za A.M. ya 1995, Being There ya 1996 ambayo ilikuwa diski mbili na wakakubali kukatwa mirabaha yao ili iuzwe bei ya diski moja, wana Mermaid Avenue ya 1998 na Billy Bragg, mwimbaji wa Uingereza, wakiimba mashairi yaliyoachwa na Woody Guthrie, mwimbaji wa zamani wa Marekani, wana Summerteeth ya 1999. Ile vuli ya 2001 walipiga shoo watu wakaimba nao nyimbo za albamu ambayo dukani haipo. Lebo nyingi zilikuwa zinawataka. Nyie lebo yenu haijibu meseji.

Na kuna jambo lingine ambalo halisimuliwi kabisa, mimi ndo naliona kubwa kuliko yote. Jeff Tweedy, mwimbaji na kiongozi wa Wilco, hakuwa mgeni wa haya mambo. Kabla ya Wilco alikuwa kwenye bendi ya Uncle Tupelo na Jay Farrar, vijana wa Belleville, Illinois, walioanza 1987. Albamu zao tatu za mwanzo, kuanzia No Depression ya 1990, zilitoka kwa lebo ndogo ya kujitegemea inaitwa Rockville. Lebo ndogo, ya wapenda muziki, sio dude la Warner. Mirabaha ikawa haionekani. Bendi ilishavunjika 1994 na wengi wao wakaenda kuunda Wilco, lakini ugomvi na lebo ukafika mahakamani, na ni mwaka 2000 ndo wakapata haki zao kwenye zile albamu tatu. Kwa hiyo mwaka mmoja kabla Reprise haijawakataa, huyu mtu alikuwa ametoka kugombania masta na anajua zinavouma. Ukiambiwa walikuwa na bahati, kumbuka hilo. Na wale mnaosema "sisi lebo yetu ni ndogo, ni washkaji", kumbuka hilo mara mbili.

Sasa nije kwenye sentensi yako inayonichosha kuliko zote, samahani kama nitakuwa mkali: "tumetunga wenyewe na tumeimba wenyewe so ni mali yetu". Hapana. Kuna vitu viwili humo na watu wanavichanganya kila siku. Wimbo, maneno na melodi, hiyo ni haki ya kwanza, na hiyo inawezekana bado ni yenu. Rekodi, ile sauti yenyewe iliyonaswa studio siku ile, hiyo ni haki ya pili, ndo inaitwa masta, na hiyo inakwenda kwa aliyetajwa kwenye mkataba. Umejenga nyumba nzuri kwenye kiwanja chenye hati ya mtu mwingine, ufundi ni wako ila hati inasoma jina lake. Na lebo kuikataa albamu haina maana wameitupa. Wanaweza wakakataa kuitoa, wakaikalia kabatini miaka, na bado ni yao. Hili halijawahi kuwa siri, lipo kwenye mkataba wako, nenda kasome sehemu inayosema mtawasilisha rekodi na lebo itaikubali ikiridhika. Inaridhika vipi? Kama imeandikwa iwe nzuri kiufundi tu, mna la kusema. Kama imeandikwa iwe nzuri kibiashara, basi aliyeamua "haiuziki" alikuwa na ruhusa yenu ya kuamua hivo.

Na hiyo "kazi ya kuajiriwa" sio lugha ya kawaida tu, huyo prodyuza awaachie wanasheria mambo yao mimi simfundishi kuweka maiki. Sheria ya Marekani inampa msanii aliyehamisha haki zake nafasi ya kuzidai tena baada ya miaka 35. Kazi ikihesabika ni ya kuajiriwa, nafasi hiyo haipo, kwa sababu inachukuliwa tangu mwanzo mwenye kazi ni lebo, wewe hujawahi kuwa nayo. Kama rekodi za muziki kweli zinaingia kwenye fungu hilo ni ubishi wa siku nyingi mahakamani, lakini ndo sababu lebo inaiweka hiyo sentensi, na chini yake kidogo wanaweka nyingine inayosema hata ikishindikana basi tumehamishiwa haki zote. Wanafunga mlango na dirisha.

Mkipakia Ijumaa, hamtakuwa Wilco, mtakuwa wavamizi wa hakimiliki kwenye muziki wenu wenyewe. Kama lebo ilisajili rekodi mapema, mahakama ikiona mlikusudia, fidia ya kisheria inaweza kupanda mpaka dola 150,000 kwa kazi moja. Na hata wasipowapeleka mahakamani, ile nafasi ya kuongea vizuri inakufa siku hiyohiyo, maana sasa nao wana cha kuwashika.

Nimechoka pia na wale wa mitandaoni wanaouza dawa. Kuna wa "jitumie CD kwa posta kwenye bahasha, usiifungue, muhuri wa posta ndo hakimiliki yako". Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani yenyewe inasema hiyo haichukui nafasi ya usajili, na kufungua kesi hapa wimbo wa Marekani lazima uwe umesajiliwa. Kuna wa "ongeza spidi kidogo, shusha ki ya wimbo, inakuwa rekodi mpya". Ni rekodi ileile imeongezwa spidi. Kuna wanaouza barua ya kuvunja mkataba, moja kwa wote, unajaza jina tu, nimeiona imetumwa kwa lebo ikiwa bado na jina la bendi nyingine aya ya tatu. Na kuna wale washauri wa muziki wasiosoma hata mkataba wako wanakwambia "wewe wape presha tu". Hawa ukiwauliza mfano watakutajia Wilco, na ukiwauliza nani alisaini nini mwezi gani hawajui. Wanachukua pesa za watu wanaobeba maboksi usiku ghalani ili wanunue gitaa, na inaniudhi.

Hata Wilco wenyewe karatasi iliwakamata kwingine. Lile jina la albamu limetoka kwenye sauti ya mwanamke anayerudia maneno hayo kwenye redio za siri za mawimbi mafupi, waliichukua kwenye mkusanyiko wa The Conet Project wakaipachika kwenye wimbo bila kibali. Irdial, waliotoa mkusanyiko huo, wakawashtaki na wakaja kumalizana nje ya mahakama 2004. Sekunde chache za sauti. Na Jay Bennett, aliyeshika vyombo vingi humo na kutunga pamoja na Tweedy, aliondolewa kwenye bendi 2001 baada ya kazi kwisha. Mei 2009 akamfungulia Tweedy kesi akidai mirabaha na malipo ya kuonekana kwenye ile filamu iliyotengenezwa wakati wanarekodi. Mwezi huohuo akafariki. Nani alikuwa sahihi pale sitasema, ila nyie mko wanne, na nina uhakika baina yenu hamna hata ukurasa mmoja unaosema nani ametunga nini na akitoka mtu inakuwaje. Andikeni wiki hii, mkiwa bado mnapendana.

Kuhusu kesi yenu. Tafuteni kwenye mkataba kama kuna muda ambao lebo lazima itoe albamu, na kama usipofuatwa mnaweza kupeleka notisi na kutoka. Notisi inakwenda kwa njia iliyotajwa humo, kama ni barua ya rejista basi ni barua ya rejista, WhatsApp hata wakiona tiki za bluu haiwasaidii. Angalieni wanasema wametumia kiasi gani, maana lebo ndogo ambayo haiitaki albamu mara nyingi inakubali kurudishiwa gharama ya studio, au asilimia fulani ya mapato ya baadaye, ikawaachia masta. Pendekezeni nyie kwanza, kwa heshima, bila kuwatishia na mashabiki. Wakigoma, angalieni katazo la kurekodi upya: kawaida huwa miaka mitano tangu kuwasilisha au miwili baada ya mkataba kuisha, ile inayochelewa zaidi. Likiisha, na kama tungo mmebaki nazo, mnaingia studio mnapiga upya nyimbo zilezile, na rekodi hiyo mpya lebo haiigusi. Wilco wenyewe wanatoa albamu kwenye lebo yao, dBpm, tangu 2011, na hapo walikuwa na miaka 17 kazini.

Nitumie mkataba mzima, kurasa zote, hata ile ya mwisho ya viambatisho ambayo watu huwa hawaiskani.