Muulize Kocha: Mabeki wangu, mastraika wako

Swali: Shikamoo kocha. Mimi ni katibu wa klabu ya ligi ya mkoa. Tumepata mfadhili, si mkubwa, ila posho ya watu wawili zaidi kwenye benchi la ufundi ipo. Wajumbe wanataka tuchukue kocha wa mabeki na kocha wa washambuliaji, kila mmoja na kundi lake, kocha mkuu awe juu yao. Wanadai Ulaya ndivyo mambo yanavyokwenda. Kocha mkuu wetu hataki hata kusikia. Tumfuate nani?
*Katibu, Temeke*

Jibu: Marahaba, katibu. Wajumbe wako wana nusu ya ukweli na kocha wako ana nusu nyingine, ingawa nahisi yeye anakihofia zaidi kiti chake.

Mgawanyo wa namna hiyo hasa uko Marekani, kwenye ule mpira wao wa kushika mkononi. Kule timu inayoshambulia ina watu wake 11. Mpira ukienda kwa wapinzani, wanatoka wote na kuingia 11 wengine wa kulinda, na mchezo wenyewe unasimama kila baada ya sekunde chache. Kocha wa ulinzi na kocha wa mashambulizi wanaweza kumaliza wiki bila kugombania mchezaji hata mmoja. Kwetu sisi, beki wa kulia aliyepanda kupiga krosi ndiye huyohuyo anayetakiwa kurudi mbio krosi ikidakwa. Huyo utamkabidhi kwa kocha yupi?

Nilikuwa beki wa kushoto, na klabu moja niliyoichezea (jina lake tuliache lipumzike) ilikuwa na wasaidizi wawili wa aina hiyo. Wa mashambulizi alinitaka nimzunguke winga kwa nje kila tukipata mpira. Wa mabeki alinikataza kuvuka nusu ya uwanja endapo beki wa kulia ameshapanda. Kila mmoja alikuwa na hoja. Ila hawakuwahi kukaa meza moja wakaamua ni wakati gani nifuate la huyu na wakati gani la yule, basi nikipanda nasikia jina langu likiitwa kutoka pande mbili za benchi. Siku tuliyotoka sare ya 3-3 ndiyo tukaona vioja vyenyewe: mmoja anajisifu vijana wake wametupia matatu, mwenzake analia kwamba viungo hawakuwalinda mabeki wake. Sisi wachezaji tumekaa chini tunavua viatu, hatujui kama tucheke au tunune.

Sasa hiyo Ulaya. Wajumbe watakutajia Carlos Queiroz, msaidizi wa Alex Ferguson pale Manchester United, maana msimu wa 2007/08 United iliruhusu mabao 22 tu katika mechi 38 za ligi, ikachukua ubingwa wa England na wa Ulaya. Gary Neville, beki wa United wa enzi hizo, amesimulia kwamba kabla ya nusu fainali na Barcelona, Queiroz alitandika mikeka ya mazoezi uwanjani kuonyesha kila mtu asimame wapi. Mechi ya Camp Nou ikaisha 0-0, ya Old Trafford 1-0 kwa kombora la Paul Scholes. Safi. Lakini tazama waliokuwa wakikimbia kuziba nafasi katika mechi hizo: Park Ji-sung na Carlos Tevez, watu wa mbele! Angekuwa kocha wa mabeki peke yao, hao angewapangia kwa mamlaka gani? Halafu kuna jambo linalosahaulika. Julai 2008 Queiroz aliondoka kwenda kuifundisha Ureno. Msimu uliofuata United iliruhusu mabao 24, na Edwin van der Sar akapita mechi 14 mfululizo za ligi bila nyavu zake kuguswa. Mtu kaondoka, ukuta umebaki, kwa sababu ulikuwa ukuta wa timu nzima na mwenye nyumba alikuwa Ferguson.

Kwa hiyo ajirini hao wawili, sikatai. Macho sita yanaona zaidi ya mawili, na kocha mkuu anayesimamia watu 25 peke yake hawezi kuona kisigino cha beki wa kati kikiwa kimekaa vibaya. Ila gawaneni muda, msigawane watu. Dakika 20 au 25 za mwanzo kila msaidizi achukue kundi lake pembeni: mabeki wafanye kazi ya kupanda na kushuka kwa mstari mmoja, mastraika wafanye umaliziaji. Baada ya hapo wote warudi uwanja mmoja, chini ya sauti moja.

Na kwenye usaili msiwaulize walicheza wapi. Waulizeni, kila mmoja chumba chake: tukipiga kona na kipa wao akaidaka, nani yuko nyuma, nani anamzuia kipa asirushe haraka, nani anamkimbilia atakayepokea? Kocha mkuu aandike jibu lake kwenye karatasi kabla. Majibu matatu yakigongana, hamjapata benchi la ufundi, mmepata baraza la wazee.

Kwenye mkataba pia, tafadhali: msiweke bonasi ya mabao kwa mmoja na bonasi ya kutofungwa kwa mwingine. Mkifanya hivyo mtakuwa mmewalipa ili wagombane.

Swali: Kocha, habari za huko? Mimi ni shabiki wa Arsenal, tena wa damu. Tulikuwa na Steve Bould, beki wa zamani wa chuma, tukaambiwa yeye ndiye atakayetengeneza ulinzi. Bado tukapigwa sita. Leo tuna Nicolas Jover wa kona na kila mtu anamwimbia. Mbona mmoja alishindwa na mwenziwe akaweza?
*Mwana Gunners, Likoni, Mombasa*

Jibu: Nzuri, mwana. Nikusahihishe kidogo kuhusu Bould, maana mnamwonea. Alipandishwa kuwa msaidizi wa Arsène Wenger, kocha wenu mkuu wa enzi hizo, mwaka 2012, na mechi tatu za mwanzo za ligi hamkufungwa hata bao: 0-0 na Sunderland, 0-0 na Stoke, 2-0 kwa Liverpool. Mwisho wa msimu mlikuwa mmeruhusu 37, wakati msimu uliotangulia mliruhusu 49. Hiyo si kazi ndogo.

Maumivu yako ni ya 2013/14. Mlifungwa mabao 41 kwenye ligi, na 20 kati ya hayo yaliingia katika mechi nne tu: sita kwa Manchester City, matano kwa Liverpool, sita kwa Chelsea, matatu kwa Everton. Timu yenye mabeki wabovu haifungwi hivyo. Hiyo huvuja kidogo kidogo kila wiki. Ninyi mlikuwa imara wiki nyingi, halafu siku moja mnafunguka kama mlango usio na komeo. Ile ya Chelsea ilikuwa mechi ya 1,000 ya Wenger. Samuel Eto'o alifunga dakika ya 5, André Schürrle dakika ya 7, na yote mawili yalikuwa ya kushtukiza: Arsenal wamejaa mbele, mpira umepotea, mabeki wa kati Per Mertesacker na Laurent Koscielny wamebaki na nafasi kubwa mbele yao na nyingine nyuma yao. Bould angewafundisha mabeki kutwa na usiku, uamuzi wa watu wangapi wapande haukuwa wake.

Jover, aliyetoka Manchester City mwaka 2021, amepewa kazi ya aina nyingine kabisa. Kwenye kona mpira umetulia chini. Anaweza kumwambia Declan Rice aupige wapi, Gabriel aanzie wapi, Ben White amsumbue nani, na kila kitu kikaanza pale alipopanga. Msimu wa 2023/24 mlifunga mabao 16 ya kona kwenye ligi. Kocha wa kona anamiliki kona tangu mpira unapowekwa hadi unapotoka ndani ya boksi, hakuna wa kumwingilia. Hata hao waliomwajiri hawakumpa mabeki awe nao kama kundi lake. Kocha wa makipa naye yuko hivyo, ndiyo maana klabu hata za mchangani zinamweka bila ubishi.

Swali: Shikamoo mwalimu. Wengine mnajadili makocha watatu wanne, mimi niko peke yangu na wasichana 22 wa shule ya sekondari, mpira mmoja mzuri na miwili iliyochoka. Nifundishe ulinzi siku gani na mashambulizi siku gani?
*Mwalimu wa michezo, Morogoro*

Jibu: Marahaba, mwalimu mwenzangu. Fundisha vyote siku moja, kwa zoezi moja. Arrigo Sacchi akiwa kocha wa AC Milan alikuwa akimweka kipa Giovanni Galli na mabeki wanne, Tassotti, Costacurta, Baresi na Maldini, dhidi ya wachezaji kumi wakiwemo Gullit na Van Basten. Anasimulia kwamba wale kumi walipewa dakika 15 na hawakupata bao. Wako si Baresi, kwa hiyo punguza: kipa, mabeki wanne na kiungo mkabaji mmoja, dhidi ya saba.

Kwenye mstari wa kati weka malango mawili madogo, moja kila upande. Huna koni? Chupa za maji zilizojazwa mchanga zinatosha. Mabeki wakinyang'anya mpira, kazi yao ni kuupitisha kwenye mojawapo ya hayo malango. Wale saba wakiupoteza, wahesabu kwa sauti moja mpaka tano huku wakiukimbilia. Wakishindwa kuupata, warudi nyuma ya mpira wote. Bao la upande wowote lihesabiwe sawa. Wanaosubiri wasikae kivulini, wachukue mpira uliochoka wapigiane pasi za kichwa. Mwenye jeraha msimamishe nyuma ya goli awe jicho lako, apige kelele kila beki mmoja akibaki nyuma ya wenzake.

Kila dakika kumi wabadilishane, na straika wako bora mpeleke acheze beki wa kati. Atanuna. Mwache anune hadi zamu yake iishe.