Côtes du Rhône nyekundu: uipikie nini

Dada, umesema umeletewa chupa ya Côtes du Rhône nyekundu na hujui uipikie nini. Pika kondoo, bila kusita. Mvinyo huu hutoka kusini mashariki mwa Ufaransa, bonde la mto Rhône, na mara nyingi ni mchanganyiko wa zabibu za Grenache, Syrah na Mourvèdre. Grenache ndiyo hutawala: inaleta utamu wa stroberi zilizoiva na ule uvuguvugu wa kileo unaousikia kooni. Syrah huongeza rangi nzito na harufu ya pilipili manga. Mourvèdre huleta ukakasi.

Ukakasi huo ndio unaopatana na mafuta ya nyama. Oka mguu wa kondoo kwa kitunguu saumu na rozmeri, au chemsha mchuzi mzito wa ng'ombe taratibu hadi nyama ilainike. Biringanya na nyanya za kuoka zinafaa pia. Samaki mwepesi, hapana. Pilipili kali nayo punguza, maana hukifanya kileo kiwake mdomoni.

Wengi huunywa ukiwa na joto mno. Nyuzi 16 hadi 18 zinatosha, kwa hiyo kama kwenu kuna joto, weka chupa kwenye friji dakika 20 hivi kabla ya kufungua.